Nilijiandaa wiki nzima, nikapata 11 kati ya 20: kosa ni langu au la mwalimu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, nasoma hapa Dodoma, nyumbani ni Kondoa. Muhula huu tuna somo la kuzungumza mbele ya hadhira. Mada yangu ilikuwa soko la zabibu za Dodoma, dakika saba. Nilijiandaa wiki nzima: niliandika kurasa tano, nikatengeneza slaidi 14, nikakariri yote. Nimepata 11 kati ya 20. Mwenzangu ninayekaa naye chumba kimoja alianza Jumamosi, akawasilisha Jumatatu, kapata 16. Yeye ni mwongeaji, na Kiingereza chake kimenyooka kwa sababu kasoma shule za kulipia. Naomba uniambie ukweli: alama za somo hili zinatokana na nini? Ni kipaji, ni Kiingereza, ni uoga wangu, au walimu wana watu wao? Na je, nikate rufaa?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Kondoa hawajambo?

Swali lako nimelisoma mara mbili, na kilichonishika si hiyo 11 wala 16 ya mwenzako. Ni maneno uliyoyapitisha haraka: nilijiandaa wiki nzima. Katika miaka yangu ya kufundisha somo hili nimejifunza kutoliamini neno kujiandaa mpaka nimuulize mtu alikuwa anafanya nini hasa, na mdomo wake ulikuwa wazi au umefungwa.

Kabla ya hapo, tutenganishe mambo mawili ambayo wanafunzi wengi huyachanganya: alama ya uwasilishaji na gredi ya somo. Vyuo vikuu vingi nchini hugawa alama 40 kwa kazi za muhula na 60 kwa mtihani wa mwisho, na kwa ngazi zinazotumika huko A huanzia 70, B+ 60, B 50 na C 40. Sasa piga hesabu. Hata kama hiyo 20 yako inaingia nzima kwenye zile 40, wewe na mwenzako mmepishana alama tano katika mia. Inauma, najua, ila mtihani wa maandishi unaweza kuzifuta hizo tano au kuzifanya kumi na tano. Nilishakuwa na kijana ambaye akisimama darasa linatulia tuli, mpaka wa mlango wa pili wanasogea kumsikia. Mtihani ukamtaka aeleze kwa maandishi namna ya kuichambua hadhira na tofauti ya hotuba ya kushawishi na ya kufahamisha, akaandika porojo kurasa nne. Akaambulia C. Mwaka huohuo dada mmoja mpole, ambaye sauti yake ilikuwa ikifika safu ya tatu tu, alitoka na B+ kwa sababu hakukosa jaribio hata moja na alisoma. Kwa hiyo jibu la kwanza la swali lako halina mvuto wowote: gredi ya somo la kuzungumza, kwa sehemu kubwa, huandikwa kwa kalamu.

Haya, tuje kwenye uwasilishaji wenyewe, maana ndio unaokuuma.

Mwaka 1994 watafiti wawili wa Marekani, Kent Menzel na Lori Carrell, walichapisha kazi iliyochunguza wanafunzi wa somo kama lenu wanavyojiandaa, kisha wakalinganisha maandalizi hayo na alama za hotuba zao. Vitu vilivyokwenda pamoja na hotuba nzuri ni vile ambavyo bibi yako angevitaja bila utafiti: muda uliotumika kujiandaa, muda wa kutafuta habari, idadi ya mazoezi, na idadi ya mazoezi yaliyofanywa mbele ya watu. Kuna kingine ambacho huenda usingekitaja: wastani wa ufaulu wa mwanafunzi katika masomo yake kwa jumla. Yaani anayefanya vizuri kwenye takwimu na historia, mara nyingi anafanya vizuri hapa pia, hata kama si msemaji. Hilo linapaswa kukupa moyo. Lingekuwa suala la kuzaliwa na ulimi, ufaulu wa takwimu ungehusikaje?

Miaka 12 baadaye, 2006, Tony Smith na Ann Frymier walikazia kipande kimoja tu cha jambo hilo: je, kufanya mazoezi mbele ya watu kunaongeza alama? Wakakuta kwamba waliofanya hivyo walipata alama za juu kuliko wasiofanya, na kwamba waliozungumza mbele ya watu wanne au zaidi waliwapita waliokuwa na watatu au pungufu.

Hao ni Wamarekani na madarasa yao ya watu ishirini na kitu. Mimi nataka nikuonyeshe kwa nini inakuwa hivyo, kwa sababu nimeliona hapahapa.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na binti wa Bahi, jioni akimsaidia shangazi yake kwenye kibanda cha chai na chapati nje ya chuo. Mada yake ilikuwa uvunaji wa maji ya mvua. Unaujua mkoa huu: mvua inaanza kama Desemba, inakaa miezi minne hivi, halafu ni upepo na vumbi mpaka mwaka mwingine. Chumbani hakuwa na nafasi, basi akawa anawasemea madereva bodaboda wanaosubiri chapati. Mara ya kwanza hakufika hata katikati, mmoja akamkata: “Sawa dada, maji ni uhai, tumekuelewa. Tanki la lita elfu moja bei gani?” Hakuwa na jibu. Kesho yake akapita duka la vifaa vya ujenzi pale Majengo, akaandika bei kwenye kiganja. Mara ya pili mwingine akamuuliza: “Bibi yangu anakaa kwenye tembe, paa la udongo. Hayo maji atayakinga na nini?” Hilo ndilo swali bora kabisa niliwahi kulisikia kwenye mada hiyo, na halikutoka kwa profesa. Ikabidi aongeze kipande kuhusu lambo dogo la kuchimba. Mara ya tatu walimwacha afike mwisho, wakamwambia tu kwamba mwanzoni anakimbiza maneno.

Siku ya darasa alitumia dakika saba na sekunde chache. Mimi nimekaa nyuma na kalamu yangu, kila swali linalonijia kichwani yeye analijibu kabla sijalishika vizuri. Nilimpa 17. Habari za bodaboda alinisimulia baadaye, nikacheka sana, kisha nikaelewa.

Watu wengi wanadhani mazoezi mbele ya watu ni ya kuzoea macho tu. Kuzoea macho kupo, lakini si ndiyo faida kubwa. Faida kubwa ni kwamba msikilizaji anakuonyesha shimo ambalo wewe uliyeandika huwezi kuliona, kwa sababu kichwani mwako limeshajazwa. Anakunja uso pale ulipodhani umeeleweka. Anaangalia simu pale ulipodhani ni patamu. Kioo hakikunji uso, na karatasi haikuulizi bei ya tanki.

Sasa turudi kwenye wiki yako. Kurasa tano zilizopigwa chapa bila kuacha nafasi kati ya mistari ni maneno kama 2,500. Mtu anayezungumza kwa utulivu kwa Kiingereza hutamka maneno 120 hadi 150 kwa dakika, chukua 130. Dakika saba ni maneno 910. Kwa hiyo uliingia darasani na hotuba ya dakika 19 kwenye mfuko wa dakika saba. Slaidi 14 kwa dakika saba ni moja kila sekunde 30, hata kuisoma hawawahi. Hapo hakuna kilichobaki isipokuwa kukimbia au kukatwa katikati, na nina hakika kimoja kati ya hivyo kilikupata. Kama mwalimu wako ana mstari wa muda na mstari wa hitimisho kwenye karatasi yake ya vigezo, alama hizo ulizipoteza tangu Jumatano ulipokuwa bado unaandika, na siku ya kusimama ilikuwa kama ya kwenda kuchukua matokeo.

Halafu ukakariri. Hotuba ya kukariri ni shanga kwenye uzi mmoja. Ukikatika kwenye shanga ya sita, ya saba mpaka ya mwisho zote zipo sakafuni na wewe unazitazama. Nimeona vijana wenye akili wakisimama kimya sekunde ishirini, wakitafuta neno moja tu, “kwa hiyo” au “hata hivyo”, kwa sababu walihifadhi maneno badala ya kuhifadhi hoja. Ungekuwa na hoja tatu kichwani (zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, wakulima wote wanavuna kwa wakati mmoja, zabibu haisubiri), ungezisema hata kwa maneno ya dharura.

Na huyo mwenzako aliyejiandaa siku mbili? Muulize vizuri. Nakuwekea dau la sahani ya chipsi kwamba Jumamosi usiku aliwaeleza watu mada yake kule mgahawani, Jumapili akawaeleza wengine wakati wa kufua, na pengine hata wewe ulimsikia ukiwa umeinamia kurasa zako. Mwongeaji hufanya mazoezi bila kujua kwamba ni mazoezi. Saa zake zilikuwa chache, lakini zote zilikuwa za mdomo. Zako zilikuwa nyingi, na zilikuwa za kalamu. Tunamwita ana kipaji kwa sababu hatukuhesabu saa zake.

Sitaki nikudanganye kwamba kipaji hakipo kabisa. Kuna watu wana sauti, wana mzaha wa papo kwa papo. Ila nimewaona hao pia wakianguka vibaya, kwa sababu wanajiamini mpaka wanakuja mikono mitupu.

Sasa uoga wako. James McCroskey, Mmarekani aliyetumia maisha yake kuchunguza jambo hili, alitunga kuanzia 1970 vipimo vya hofu ya mawasiliano, na kile kilichoenea zaidi kina sentensi 24 ambazo mtu anajipima mwenyewe: sita za mazungumzo ya kikundi, sita za mikutano, sita za maongezi ya watu wawili, sita za hotuba. Uzuri wa kipimo hicho ni kwamba kinakuonyesha hofu inakaa wapi. Unaweza kuwa simba kwenye kijiwe na ukawa panya jukwaani, na si ajabu yoyote.

Lakini kitu ambacho wanafunzi hawakijui ni jinsi hofu inavyokula alama. Wao wanadhani inakula siku ile, kwa kutetemeka. Mwaka 1995 mtafiti John Daly na wenzake walichunguza watu wakiwa bado wanaandaa hotuba, wakakuta wenye hofu kubwa wanajiandaa kwa namna tofauti na wengine: wanawaza sana watakavyohukumiwa, na kidogo sana juu ya watakaowasikiliza. Nikisoma barua yako naona hilohilo. Uliogopa, ukajifungia na karatasi, kwa sababu karatasi haicheki. Kila ulipozidi kuogopa uliongeza ukurasa. Uoga haukukusubiri mlangoni mwa darasa Jumatatu. Ulikuwa mezani nawe wiki nzima, na ndio ulioandika zile kurasa tano.

Kuhusu kutetemeka kwenyewe, nikupe siri. Mimi hotuba yangu ya kwanza chuoni, chuo chenyewe nakiacha, niliishika fulskepu kwa mikono miwili na ikawa inapiga kelele kama bati la kibanda wakati wa upepo wa Agosti. Nilijua kabisa ukumbi mzima unasikia. Nilipokaa nikamuuliza jirani, akasema hakuona mtetemeko wowote. Alichokiona ni kwamba sikuinua macho hata mara moja. Alama zilinitoka kwa kusoma, wala si kwa kutetemeka. Miaka mingi baadaye nikakuta watafiti Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich wamelipima jambo hilo na kuchapisha 2003: mzungumzaji hudhani hofu yake inaonekana kuliko inavyoonekana kweli, na waliofahamishwa ukweli huo kabla ya kusimama walizungumza vizuri zaidi. Kwa hiyo na wewe sasa umefahamishwa.

Tena, hofu huwa kali zaidi muda mfupi kabla ya kuanza na katika dakika ya kwanza, kisha inashuka yenyewe. Ndiyo maana kitu pekee ninachoruhusu kikaririwe ni sentensi tatu za mwanzo. Na hapa niseme jambo linalonikera. Vijana wetu wanafungua kwa kumsalimu mwalimu, kuwasalimu wanadarasa, kutaja jina, namba ya usajili, kozi, jina la mada, kisha wanatuambia watagawa mada katika sehemu nne, na wanazitaja zote nne. Nimewahi kupima kwa saa: sekunde 55. Katika dakika saba, karibu ya kwanza yote imekwisha na hakuna kilichosemwa! Wewe ungeweza kusalimu kwa sentensi moja, ukanyamaza kidogo, kisha ukaanza hivi: “Mkulima wa Mpunguzi akivuna zabibu leo asubuhi, hana mwezi wa kumsubiri mnunuzi. Hana hata wiki mbili. Kila siku inayopita, anayepanga bei ni mnunuzi.” Hapo darasa limeshaingia shambani, na moyo wako umepata muda wa kurudi mahali pake.

Kiingereza. Hili nitakaa nalo kidogo, kwa sababu wengi hulijibu kwa unafiki.

Kinahusika. Mtu aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili na kukutana na Kiingereza cha masomo yote kidato cha kwanza, amepitwa miaka saba na yule wa shule za kulipia. Hakuna maneno matamu yatakayoifuta miaka saba. Kwenye karatasi yangu mimi lugha ina alama 3 kati ya 20, na ungesema basi nikikosa zote tatu nabaki na 17. Haiendi hivyo. Lugha inavuja. Edward Thorndike, mwanasaikolojia wa Marekani, alilieleza jambo hili mwaka 1920 baada ya kuchunguza maofisa wa jeshi walivyowapima askari wao: mtu akikupendeza kwa sifa moja, unampandisha na kwenye sifa nyingine ambazo hukuzipima. Kijana akifungua kwa ung'eng'e wa kuteleza, msahihishaji anaanza kudhani hata hoja zake ni nzuri. Akifungua kwa Kiingereza cha ugoko, hoja nzuri inapita bila kuonekana. Walimu nasi ni watu, na tunajitahidi, lakini linatokea.

Ila angalia vizuri kinachovuja. Lafudhi haina shida; kila mtu darasani anayo yake, Mgogo ana yake, Msukuma yake, na mimi yangu. Kinachoharibu ni sentensi ndefu iliyotoka kwenye kitabu cha mtu mwingine, inayokufikisha katikati ukiwa umesahau ilikoanzia. Uliandika kwa Kiingereza cha kuandikia, ukataka kukisema. Wanafunzi wangu nawaambia waseme hotuba yote kwa Kiswahili kwanza, kwa sauti, mpaka mtiririko ukae. Akitaka aiseme hata kwa Kirangi akiwa na mama yake kwenye simu. Kisha aiseme kwa Kiingereza chake mwenyewe, sentensi fupi, neno gumu likibaki moja mawili ambayo ameyatamka mara kumi. Ukifanya hivyo huwi Mwingereza. Unakuwa unaeleweka, na hicho ndicho tunachotafuta tukiwa na kalamu.

Na unaishi mji wa Bunge, bwana. Kanuni za Bunge zinamtaka mbunge anayechangia asisome maelezo yake. Anaruhusiwa kusoma dondoo na kujikumbusha kwa kutazama alichoandika. Fungua redio wakati wa kikao cha bajeti umsikilize anayechangia. Wengi wana kikaratasi chenye vichwa vya habari tu. Msikilize hasa kengele inapolia. Aliyepanga hoja zake anamalizia na ombi lake kwa serikali, anaunga mkono hoja, anakaa. Asiyepanga ndiyo kwanza anasema “Mheshimiwa Spika, naomba sasa niingie kwenye hoja yangu,” anaambiwa muda wake umekwisha. Huo ni mfano wa bure, wala hauhitaji kupanda daladala.

Walimu wana watu wao? Mimi sikuwepo darasani kwenu, siwezi kumtetea wala kumshtaki mwalimu wako. Ninachoweza kukwambia ni mambo yanayopindisha alama bila mtu kukusudia. Hiyo ya Thorndike ni moja. Nyingine ni zamu: ukisimama baada ya mtu aliyeng'ara, unaonekana mfupi, ukisimama wa 38 saa tisa alasiri, joto limejaa ukumbini na umeme umekatika, mwalimu anasikiliza kwa sikio moja. Slaidi zako hapo hazina kazi, na kama hotuba yako ilikuwa imekaa ndani ya slaidi, imezimika nazo. Nyingine ni mwalimu kutoa alama moja ya jumla badala ya kuweka alama kwenye kila kigezo. Hapo ndipo mapenzi na chuki hupata nafasi. Kuhusu wasichana kupendelewa au kuonewa, tafiti zimetoa majibu yasiyolingana, na katika karatasi zangu mwenyewe sijaona mstari ulionyooka. Wanaume huwa wananiuliza hili kwa sauti kubwa sana, sijui kwa nini.

Kuna jambo la kwetu ambalo kwenye vitabu vya Marekani hulikuti sana: wingi wa wanafunzi. Darasa likiwa na mamia, mwalimu hawezi kumsikiliza kila mmoja, basi anagawa makundi ya watu kumi, na kundi linamtanguliza yuleyule mwenye Kiingereza. Tisa wanasimama nyuma yake kama kwaya isiyoimba. Wanapata alama zake, wanafurahi, na mwaka unaofuata wanapotakiwa kusimama mmoja mmoja ndiyo mara yao ya kwanza katika maisha. Nakuuliza na wewe: mwaka wa kwanza ulizungumza mara ngapi? Kama jibu ni sifuri, basi 11 yako ya kwanza si mbaya kiasi hicho. Wa kwenye kwaya wengi huanza na 8.

Safari ijayo, kama ungekuwa mwanangu, ningekunyang'anya kompyuta siku tatu za kwanza. Ungeandika sentensi moja: nataka darasa likitoka hapa liamini nini, au lifanye nini. Ungekwenda kumwona mkulima au muuza zabibu barabarani, umuulize maswali matano, kwa sababu habari uliyoichukua mwenyewe hukai nayo kwa shida. Inakutoka mdomoni kama habari ya nyumbani. Ungeisema hotuba siku ya pili tu, ikiwa bado mbichi na ya aibu, kwa mtu yeyote. Siku ya nne ungewatafuta watu wanne, na wasiwe wote rafiki zako wanaokusifia. Simu ikiwa mezani inahesabu muda. Ukifika dakika tisa, usiongeze kasi, kata hoja. Kukata kunauma, najua. Mimi hukata ile ninayoipenda kuliko zote, maana mara nyingi ndiyo isiyohusika. Slaidi tengeneza mwisho kabisa, nne au tano, na moja iwe picha.

Kuhusu rufaa: usikate bado. Nenda ofisini kwa mwalimu wako ukiwa peke yako, si na kundi la watano, na usifungue na neno nimeonewa. Msalimu, mwambie unaomba kuona karatasi ya vigezo ili ujue ulipopungukiwa. Kama mistari iliyoliwa ni ya muda, kutazama hadhira na hitimisho, hapo hakuna rufaa, kuna mazoezi. Kama alama zimejumlishwa vibaya, atarekebisha palepale. Mimi mwenyewe nilishampa mtu 12 badala ya 15 kwa kuruka mstari mmoja, na ningekuwa sijaulizwa angebaki nayo. Kama hakuna karatasi yoyote, ni 11 tu imeandikwa pembeni ya jina lako, basi una haki ya kumwandikia mkuu wa idara, kwa upole, ukiomba kujua vigezo vilivyotumika. Na kabla hujatoka ofisini, muulize orodha ya uwasilishaji unaofuata inapangwaje, na kama inawezekana akuweke miongoni mwa watano wa kwanza asubuhi.